Miwani ya Mtazama Chini

Wakubwa wa ofisini wameniambia niandike, na wamenipa kalamu mpya yenye jina langu ubavuni, kana kwamba zile za zamani zilikuwa na kasoro. Mimi ni Mwanamisi wa Mtongwe. Nimesaga lenzi katika karakana moja ya miwani hapa Changamwe tangu nikiwa msichana hadi juzijuzi mliponikatia keki ya kustaafu. Ya vyeo sitaandika. Vyeo vilikuja, vingine vikapita mlango wa jirani, na anayetaka kuchungulia aende ofisini. Nyinyi mliobaki na mashine nataka niwaachie jambo moja tu: kwa nini lenzi, hata iliyosagwa na fundi mzuri, haimpi mtu picha safi kila mahali, na namna jambo hilo lilivyotaka kumshusha mtu mzima kwenye kiti chake tukalishinda. Ndiyo, tulilishinda. Nitajisifu kidogo, mnivumilie. Nikingoja kusifiwa na nyinyi nitazeeka mara ya pili.

Siku ya kwanza sikugusa mashine. Fundi mkuu alikuwa Maalim Shee, mtu wa Jomvu Kuu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe ambayo haikuwahi kushika doa ingawa kazi yetu ilikuwa ya matope matupu. Tulimwita Maalim kwa kuwa jioni alisomesha watoto Kurani chuoni kwao. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa Mvita, jicho akiliita jito, njoo akisema ndoo, na hakutaka mtu amsahihishe.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Wajua kukuna nazi?"

"Najua."

"Wajua kusukuma chapati, zikatoka duara?"

"Najua, Maalim."

"Basi nusu ya kazi waijua. Ndoo hapa."

Akanitoa uani kwenye jua kali, akanipa lenzi nene, ile inayokusanya nuru, na karatasi nyeupe. Akaniambia nimtengenezee doa la jua, dogo kabisa. Nikasogeza lenzi mbele na nyuma mpaka doa likawa kama punje ya mtama. Akasema dogo zaidi. Nikamwambia halipungui tena. "Litazame vizuri, lakini usitazame jua lenyewe, sitaki lawama za mamako." Nikalitazama doa. Kumbe lilikuwa na utando kandokando, weupe mdogo uliotawanyika ambao sikuweza kuukusanya hata nifanyeje. Maalim akatoa kipande cha kadi chenye tundu la ukubwa wa kifungo, akakibandika juu ya lenzi ili nuru ipite katikati tu. Utando ukatoweka. Doa likafifia kidogo, lakini likawa safi.

"Haya, ule ukungu watoka wapi?"

"Sijui, Maalim."

"Watoka ukingoni. Nuru ipitayo kati yakutana hapa," akaonyesha kwa kidole, "na ipitayo ukingoni yapindwa zaidi, yakutana mapema, hapa karibu na lenzi. Hazingojani. Wewe wataka zote zifike pamoja, nazo zimefika kila moja kwa saa yake."

Kisha akanishika kiganja akailaza lenzi upande. Doa likaota mkia. Nikailaza zaidi, likawa mstari. Lenzi ile ile, jua lile lile, na punje ya nuru imekuwa ufito! Nilipiga ukemi. Karatasi nayo ikaanza kufuka moshi, na Maalim akaizima kwa kiatu bila hata kubadilisha uso. "Sasa umeshaona aibu zake zote," akasema. "Nenda kaoshe mikono, kazi yaanza."

Nilikuja kuelewa sababu baadaye, mikono ikiwa majini. Tulikuwa tunaibandika lenzi kwa lami juu ya kishikio, tunaizungusha ndani ya bakuli la chuma lenye mchanga mweusi wa kusagia na maji, mchanga mkubwa kwanza, kisha mdogo, kisha mdogo zaidi, na mwisho unga mwekundu wa kung'arisha. Kucha zangu zilikuwa nyekundu mwaka mzima, watu wakidhani ni hina, nimeolewa. Sasa, ukizungusha kioo ndani ya chuma kwa muda mrefu, kila kimoja chamla mwenzake, na umbo linalobaki ni la mpira, kipande cha mpira wa duara. Hakuna umbo lililo rahisi kwa mkono kuliko hilo. Lakini nuru haikutuomba mpira. Ingependa umbo jingine, lenye ukingo uliolala kidogo, na hilo mkono haulitoi. Basi tangu enzi hizo mafundi husaga kilicho rahisi, kisha hutafuta namna ya kuishi nacho.

Namna ya Maalim ya kuishi nacho ilikuwa swali. Kila mteja aliyeketi mbele yake, awe mvuvi, awe karani, awe mama wa kupika mahamri, aliulizwa jambo moja kabla ya kuvuliwa miwani: "Kazi yako ni ipi, na waitazama vipi?" Wengi walikereka. Mama mmoja wa Frere Town alimjibu, "Mimi nimekuja kununua miwani, sikuja kuposwa." Maalim hakucheka. Akamngoja mpaka akasema kuwa anashona, na kwamba sindano huitazama kwa upande wa kulia. Alipotoka mama huyo, Maalim akaniambia kimya kimya kwamba kasoro ya lenzi haifukuziki. Unachoweza ni kuichagulia pa kukaa, mahali ambapo mtu huyo hatazami.

Nikawa nayasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo adhana ya msikiti wa mbali. Nilijua imesomwa, sikujishughulisha nayo.

Mtu wa kwanza kunitia akili alikuwa mwashi mmoja mzee kutoka Likoni, Mzee Mwinyi. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho kwa namna ya zamani, ile ya kuondoa lenzi ya jicho lenyewe bila kutia nyingine, kwa hiyo tukamsagia miwani minene kama vitako vya glasi. Baada ya siku chache alirudi kwa hasira, mkononi ana timazi, ule uzi wa waashi wenye risasi nchani. Akaitundika mlangoni kwetu.

"Mlango wenu umepinda," akasema. "Na nyumba yangu imepinda. Na msikiti umepinda. Nimejenga miaka yote hii nyumba zilizonyooka, leo mwanikabidhi mji uliobinuka!"

"Na uzi je?" Maalim akamuuliza.

Mzee akautazama uzi wake kwa pembe ya jicho. "Na uzi umepinda! Subhanallah, uzi unaning'inia na umepinda!"

"Ugeuzie shingo, si jito. Utazame kwa katikati ya kioo."

Mzee akageuza kichwa kizima. Uzi ukanyooka. Akageuza macho tu, ukapinda. Akafanya hivyo mara nyingi, kama mtoto aliyepata swichi ya taa, kisha akaketi akacheka mpaka akavua kofia. Lenzi nene hukuza ukingoni zaidi ya katikati, na mstari ulionyooka ukipita huko hutoka umebinuka. Akarudi kazini akawa anageuza shingo kama kuku, na wajukuu wakamwiga mtaani. Lakini kuta zake zilinyooka.

Miaka ikaenda. Vioo vikaondoka, plastiki ikaja. Maalim akastaafu, na baadaye akatutangulia, Mungu amrehemu. Zikaja mashine zenye kompyuta. Unaingiza vipimo, unafunga mlango, unakunywa chai, unafungua mlango, lenzi tayari. Sikulalamika hata kidogo, mgongo wangu ulishukuru. Bakuli za chuma za Maalim zikawekwa chini ya ngazi, na mnunuzi wa vyuma chakavu akawa akipita kila mara akizikodolea macho kama mtu aliyekuja kuchumbia. Kila mara nilimfukuza. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, na kama mngeniuliza nisingekuwa na jibu la maana. Swali la Maalim nalo likaachwa. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuliandika.

Ndipo akaja Karisa.

Mlikuwapo wengi wenu, lakini Karisa hamkumjua kama nilivyomjua mimi. Ni Mgiriama anayekaa Mikindani, mtu mpole, shemasi kanisani kwao, na tangu utoto haoni mbali bila miwani mizito. Kusoma huivua tu, akasoma vizuri. Kazi yake ni kuendesha kreni katika yadi moja ya kontena huku kwetu Changamwe. Hukaa ndani ya kibanda cha vioo juu angani, akinyanyua kontena na kuzishusha juu ya trela, na chini yake kuna madereva na vibarua. Kwa miaka mingi alivaa miwani midogo ya duara aliyosagiwa na Maalim mwenyewe. Siku moja ikaanguka, kioo kimoja kikapasuka. Mkewe akashukuru Mungu, maana alishachoka kuwa na mume mwenye uso wa bundi, akamchagulia fremu pana ya kisasa. Sisi tukaitia lenzi nyembamba, ya bei, iliyo bapa kwa mbele, nzuri hata kuigusa. Akatoka hapa akiwa kijana.

Alirudi amezeeka.

"Mama, miwani yanikataa," akaniambia, akaketi bila kukaribishwa, jambo ambalo si la Karisa.

"Yakukataaje, babangu?"

"Nikitazama mbele, safi. Nikitazama chini, pembe za kontena zina utando. Na kila ukingo una uzi wa rangi, upande huu buluu, upande huu manjano. Juzi nilikuwa na mzigo hewani nikausimamisha. Nikakataa kuushusha. Chini kuna watu, Mama. Siwezi kumshushia mtu chuma na mimi sioni kinakwenda wapi."

Walimtoa kwenye kreni wakamweka langoni kufungua na kufunga. Mwisho wa mwezi angepandishwa juu tena kwa mtihani. Akishindwa, kiti ni cha mwingine. Hayo alinieleza kwa sauti yake ya kawaida. Sauti ilimkatika aliposema la mwisho: "Baba yangu alikufa kipofu. Naye alianza hivi hivi, kwa utando."

Nikaiweka miwani kwenye lenzomita, ile mashine yetu ya kusoma nguvu za lenzi. Sawa. Kazungu, mwenzenu wa mashineni, akapima, sawa. Tukapima tena kwa ile mpya ya kompyuta, sawa kabisa, mpaka nukta. Kila aliyesema sawa alidhani anamtuliza, na Karisa akazidi kunywea kitini. Maana kama miwani ni sawa, kibovu ni jicho. Nilimwona akihesabu hesabu hiyo.

Nikampandisha juu kwa Daktari Neema, yule binti mpima macho wetu. Kama mngekuwa na subira yake nusu, ningestaafu mapema. Alimtazama ndani ya macho kwa taa zake zote, hakuona kitu. Kisha akafanya jambo lililonisimamisha. Alichukua kadi nyeusi yenye tundu dogo, akaishika mbele ya miwani ya Karisa, akaweka ubao wa herufi sakafuni.

"Usiinamishe kichwa, Baba. Shusha macho tu. Bila kadi, waona mstari upi?"

"Wa pili. Kwa shida."

"Sasa kupitia tundu?"

Karisa akakaza jicho kwenye tundu. Kisha akaanza kusoma. Akasoma mstari wa tatu, wa nne, akaenda mpaka vile visisimizi vya mwisho.

"Jicho lililoharibika ndani haliponi kwa kadi yenye tundu," Daktari akamwambia taratibu, amempigia goti. "Macho yako ni mazima. Kasoro ni ya nuru kabla haijakufikia. Na hizo nyuzi za rangi, nazijua. Hii plastiki nyembamba ina tabia ya kuchambua rangi ukiitazamia pembeni, buluu inapindwa zaidi ya nyekundu. Si wewe, Baba. Si wewe hata kidogo."

Karisa akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti, mtu mzima. Daktari akanitazama, mimi nikatazama dirisha, kila mmoja akajifanya ana mafua. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ile kadi. Nilirudi uani, nikawa msichana, mkononi nina lenzi na doa la jua lenye utando.

"Karisa," nikasema, "ile miwani ya bundi iko wapi?"

Kesho yake aliileta imefungwa kwenye leso. Kioo kimoja kilikuwa kizima. Nikakitia kwenye lenzomita. Nguvu ni zile zile za miwani mpya. Ila kitovu, pale mahali pa katikati ambapo nuru hupita moja kwa moja bila kupindwa, hakikuwa katikati ya kioo. Kilikuwa kimeshuka chini, karibu na fremu.

"Mzee alikosea," Kazungu akasema.

"Maalim? Akosee hivyo? Wewe!" Nikamgeukia Karisa. "Siku uliyosagiwa hii, Maalim alikuuliza nini?"

Karisa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Aliniuliza kazi yangu ni ipi na naitazama vipi. Nikamwambia naitazama chini ya miguu yangu. Akasema, basi wewe na popo ni ndugu."

Wallahi nilicheka mpaka nikashika meza. Mzee yule alikuwa amefanya makusudi, na hakumwambia mtu, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida. Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye kazi yetu. Lenzomita huisoma lenzi kwenye kitovu chake, na kitovuni kila lenzi husema kweli. Ukingoni ndiko inakodanganya, na ukingoni hakuna aliyepima. Fremu pana, kitovu juu, kioo bapa, plastiki ya kuchambua rangi: kila moja peke yake ingevumilika. Karisa alikuwa akiyatazamia yote manne kwa pamoja, na chini kuna watu.

Lakini shingo ya Karisa haikuwa tena ile aliyoipima Maalim; kitovu kishuke kiasi gani sasa? Kwa hilo sikuwa na njia ila kumuona akitazama. Nikaenda yadini nikaomba kupanda. Msimamizi, Bwana Omondi, jamaa mrefu wa bara mwenye sauti ya kuita lori, alinitazama kuanzia buibui hadi viatu.

"Mama, huko juu si pa kina mama."

"Kina baba mlio nao huko juu, yuko anayejua kusaga lenzi?"

"Hayuko. Lakini ukianguka, mimi nitaambia wakubwa nini?"

"Waambie nilianguka."

Akanipa kofia ngumu. Nikakunja buibui nikalifunga kiunoni, nikashika ngazi, na nikasoma kila sura niliyofundishwa utotoni, nyingine nikizirudia. Sipendi kimo. Hata kuanua nguo ghorofani kwa dada yangu hunitia kizunguzungu. Karisa alikuwa mbele yangu akisema, "Usitazame chini, Mama," nami nikajibu kwamba hicho ndicho kilichonileta.

Ndani ya kibanda sakafu ni kioo. Unakanyaga hewa. Karisa akaketi kitini, akainama kama anavyoinama kazini, viwiko magotini. Nami nikapiga magoti kando yake, nimeshika chuma kwa mkono mmoja na kalamu ya wino kwa mwingine. Shingo ilishuka mpaka kidevu kikagusa kifua. Pale shingo ikagota. Sehemu iliyobaki ya safari macho yaliimaliza yenyewe, yakashuka, yakashuka, mpaka mboni zikawa zinatazamia pale pale fremu inapoishia. Mzee Mwinyi mwashi aliweza kugeuza shingo. Karisa hakuwa na shingo iliyobaki ya kugeuza! Nikatia nukta moja ya wino kwenye kioo cha kulia cha miwani ile pana, mbele ya mboni, na moja kwenye cha kushoto. Alipoinuka na kuivua tukazitazama pamoja. Nukta zote mbili zilikuwa chini kabisa ukingoni, mbali na kitovu. Nikapiga kigelegele humo humo kibandani. Omondi akauliza redioni kama tayari nimeanguka.

Kompyuta ilitukatalia. Kila nilipoingiza kitovu cha chini ilinionyesha alama nyekundu ikasema kipimo si sahihi. Nikaizima. Tukatoa bakuli za Maalim chini ya ngazi, na buibui wa huko, namaanisha wadudu, tukawahamisha kwa heshima. Tukachagua fremu ndogo inayokaa karibu na jicho, plastiki ya kawaida isiyochambua rangi, nene kidogo, basi na iwe nene. Tukachagua bakuli lenye mbinuko zaidi, ili kioo kilizunguke jicho badala ya kusimama mbele yake kama dirisha. Na kitovu tukakipeleka pale nukta zangu zilipotuelekeza, ila tukakipandisha kidogo ili mbele pasiharibike kabisa. Lenzi ya kwanza niliikwaruza, chembe ya mchanga mkubwa ilibaki kwenye maji. Tukaanza upya. Kazungu, ulishika bakuli siku hiyo ukaniuliza mkono uendeje, nikakwambia fanya kama nane, usifanye kama sifuri. Mkono wako ulikubali upesi kuliko wangu ulivyokubali zamani. Sikukwambia siku ile, nakwambia leo.

Nilipomvisha nilimweleza wazi kwamba akitazama mbele hatapata usafi wa miwani ile pana.

"Mbele pana nini huko juu, Mama?" akajibu. "Hewa tupu. Ile pana nitavaa kanisani, mke wangu afurahi."

Siku ya mtihani nilikwenda na Daktari Neema. Tulisimamishwa nyuma ya mstari wa njano pamoja na vibarua walioacha kazi kuja kutazama. Wengine walikuwa upande wake, wengine walitaka tu kuona. Omondi alikuwa na wakubwa wawili wenye mashati meupe. Karisa akapanda ngazi bila kugeuka. Kule juu kibanda kikasogea, fremu ya chuma yenye pini nne ikashuka juu ya kontena ya buluu, na pini zote zikaingia kwenye matundu yake ya pembeni mara moja, bila kutafuta. Daktari akanifinya mkono. Kontena ikainuka. Ikasogea polepole mpaka juu ya trela, na pale ikasimama hewani.

Ikasimama tu.

Nikangoja. Ikabaki pale. Wale wenye mashati meupe wakatazamana. Kibarua mmoja nyuma yangu akasema, "Ni kama ile siku." Nikaona utando, nikaona nyuzi za buluu na manjano, nikamwona baba yake nisiyemjua akipapasa ukuta, na bila kujijua nikajitwika mikono yote miwili kichwani, juu ya kofia ngumu, kama tufanyavyo msibani.

Omondi akainua redio. "Karisa! Vipi? Huoni?"

Redio ikakwaruza kidogo. Kisha sauti ya Karisa ikatoka, ya taratibu, ya shemasi kabisa, yadi nzima ikaisikia.

"Naona. Nilikuwa nangoja mzigo uache kuyumba, sasa namuona Mama Mwanamisi kajitwika mikono kichwani. Mwambie aishushe, hapa hatukufiwa. Akishusha, nami nashusha."

Nikashusha.